Shingo iliyoumia: eksirei au CT, kola laini au ngumu, kuvutwa au kupasuliwa?

Mkwezi aliingia kwa miguu yake. Alikuwa amekishika kichwa kwa viganja viwili, kimoja chini ya kidevu na kingine kisogoni, kama mtu aliyejitwisha mtungi uliojaa pomoni. Nilipomwambia alale, hakukiachia. Alikishusha kwenye mto wa kitanda kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kana kwamba anarudisha kitu cha watu. Ndugu zake walikuwa wamemzungushia kanga shingoni mara tatu. Asubuhi alikwea mnazi kuangua madafu, akaanguka, akapumzika, akanywa chai, na mchana ndipo shingo ikamkataa.

Kaka yake aliniuliza swali ambalo nimeulizwa kwa namna nyingi tangu nianze zamu za dharura kando ya barabara kuu: "Daktari, tupige eksirei tu yaishe, au ni mpaka hiyo CT?" Mimi ni tabibu, si daktari, ila kwenye dharura hakuna anayeuliza cheti. Swali lenyewe ni la haki. Tofauti ya bei ni kubwa, hospitali yenye CT, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, iko mbali, na mgonjwa anatembea. Wenye bima huuliza kwa upole. Wasio nayo huuliza huku wanahesabu kwa vidole.

Nitalinganisha hapa vitu ambavyo familia hulazimika kuchagua, au kukubali, mtu wao anapoumia shingo kwa bodaboda, kwa mnazi, kwa gari au kwa kuteleza bafuni. Daktari wa mifupa atabaki kuwa daktari wa mifupa. Mimi nataka tu umwelewe anaposema "tuanze na hiki".

Kwanza ujue kinachogombewa

Shingo ina pingili saba. Mbili za juu hazifanani na wenzake: ya kwanza ni pete inayobeba fuvu, ya pili ina jino la mfupa lililosimama ndani ya pete hiyo. Unapotikisa kichwa kukataa, unazungukia jino hilo. Ndani ya pingili zote unapita ugwemgongo, mnene kama kidole kidogo cha mkono, unaopeleka amri mikononi, miguuni na kwenye kibofu. Mishipa ya fahamu inayotokea kati ya pingili ya tatu na ya tano ndiyo inayoendesha kiwambo cha kupumulia. Ndiyo maana aliyeumia juu sana anaweza kuacha kupumua kabla hajafika popote.

Kila uamuzi unaofuata unategemea mambo mawili. Je, shingo bado ni imara au imekuwa legevu, yaani ikiguswa vibaya pingili zinaweza kuhama? Na je, ugwemgongo umeguswa? Mtu anaweza kuwa na shingo legevu kabisa na viungo vyote vinafanya kazi. Mkwezi alikuwa hivyo. Na anaweza kuwa na mifupa mizima huku mikono imekufa ganzi.

Apigwe picha, asipigwe?

Si kila shingo inayouma inahitaji picha. Kuna kanuni mbili zinazotumika sana duniani kuamua nani aachwe.

Ya kwanza inaitwa NEXUS, ya Marekani, iliyochapishwa mwaka 2000 baada ya kufuatilia wagonjwa 34,069. Inasema usipige picha ikiwa mambo matano yametimia: hana maumivu akibonyezwa katikati ya shingo kwa nyuma, hajalewa, akili yake iko timamu, hana ganzi wala udhaifu wowote, na hana jeraha jingine linalouma kiasi cha kumsahaulisha shingo. Kati ya wagonjwa 818 waliokuwa na majeraha ya shingo, kanuni ilipitwa na 8.

Ya pili ni ya Kanada, ya mwaka 2001. Hii inaanza na hatari: je, ana miaka 65 au zaidi? Je, aliumia kwa namna ya hatari, kama kuanguka kutoka urefu wa mita 1 au ngazi tano, gari kubiringika, kurushwa nje ya gari, ajali ya baiskeli, au kugonga kichwa kwa utosi kama aliyepiga mbizi kwenye maji mafupi? Je, anasikia ganzi au kuchomachoma mikononi au miguuni? Jibu moja la ndiyo linatosha: apigwe. Yote yakiwa hapana, unatafuta ishara za usalama, kwa mfano kwamba alitembea baada ya ajali au maumivu yalianza baadaye. Ukizipata, unamwomba ageuze shingo mwenyewe nyuzi 45 kulia na kushoto. Akiweza, hakuna picha.

Mwaka 2003 kanuni hizi zilipambanishwa katika utafiti uliohusisha wagonjwa 8,283. Ya Kanada ilinasa asilimia 99.4 ya majeraha ya maana, NEXUS asilimia 90.7. Waliofanya utafiti huo ndio waliotunga kanuni ya Kanada, sawa na mpishi kupewa kijiko aonje pilau lake, lakini hesabu zao hazijapuuzwa na mtu.

Mimi naitumia ya Kanada kwa mtu mwenye akili timamu, kwa sababu inawaruhusu wengi zaidi kwenda nyumbani bila mionzi na bila gharama. NEXUS naikumbuka kwa jambo moja ambalo mitaani linasahaulika: mlevi hapimwi kwa maneno yake. Dereva wa bodaboda anayenuka gongo, akakwambia "sina neno, niacheni niende", hajakupa taarifa yoyote kuhusu shingo yake. Anasubiri kwenye kitanda mpaka pombe imtoke, au apigwe picha. Na bodaboda naiweka kwenye ajali za hatari bila kuuliza ilikuwa spidi ngapi. Hakuna anayejibu ukweli.

Kwa mkwezi kanuni haikuwa na kazi kubwa. Mnazi si mita 1. Tena yule aliyeshika kichwa chake kwa mikono miwili amekwisha kukupa jibu: mwili unajua kitu ambacho picha bado haijakuonyesha.

Eksirei, CT na MRI

| Kipimo | Kinachoona vizuri | Kinachokipita | Kinamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Eksirei | Mpangilio wa pingili, kuhama kukubwa | Nyufa ndogo, sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa ya shingo | Penye CT mbali. Mwenye hatari ndogo. Kufuatilia mfupa unavyounga |
| CT | Mfupa wote, hata ufa mwembamba | Kano, diski (mito laini iliyo kati ya pingili), ugwemgongo | Mtu mzima aliyeumia kwa nguvu, aliyezirai, mzee |
| MRI (mashine ya sumaku) | Ugwemgongo, diski, kano, damu iliyovuja ndani | Nyufa ndogo za mfupa | Mwenye ganzi au udhaifu. Ambaye CT ni safi lakini dalili zipo |

Jedwali linadanganya kidogo, kwa sababu linaonyesha vitu vitatu vinavyoshindana. Kila kipimo kinajibu swali lake. Ukiuliza "mfupa umevunjika?" jibu ni CT. Ukiuliza "mkono umekosa nguvu kwa nini?" jibu ni MRI. Eksirei inajibu swali la kwanza nusunusu, na hapo ndipo pa kukaa kidogo.

Eksirei ya shingo si picha moja. Ni tatu: ya ubavuni, ya mbele, na ya mdomo wazi inayolenga lile jino la pingili ya pili. Ya ubavuni mimi huhesabu kwa ncha ya kalamu: moja, mbili, tatu, mpaka saba, halafu nitafute saba inapokutana na pingili ya kwanza ya kifua. Mara nyingi kalamu inagota kwenye sita. Mabega yameziba. Filamu hiyo haijakamilika hata iwe nzuri vipi, na mtu mwingine inabidi avute mikono ya mgonjwa taratibu kuelekea miguuni ili irudiwe. Nimeona majibu yenye neno "safi" juu ya picha za pingili sita.

Mkwezi alipigwa picha mbili tu. Ya mdomo wazi iliachwa kwa sababu taya lilikuwa limevimba na hakuweza kupanua mdomo; mpigapicha akaandika kwamba mgonjwa hashirikiani. Ya ubavuni ilionekana njema kwa kila aliyeiinua kwenye taa, mimi nikiwemo. Kama si ile mikono yake kichwani, angekwenda nyumbani na dawa za maumivu. Tulimpa dawa, tukasubiri, tukamwomba apanue tena kadiri awezavyo. Safari hii ikaonekana: mstari mweusi mwembamba kama unywele, umekata jino kwenye shina lake.

Hadithi hiyo ina takwimu zake. Mwaka 2005 tafiti zilizolinganisha vipimo hivi viwili zilikusanywa pamoja, na eksirei ikaonekana kugundua asilimia 52 ya majeraha ya shingo, CT asilimia 98. Yaani katika kila majeraha mawili, eksirei inakaribia kuacha moja. Kwa hiyo kaka wa mkwezi akiniuliza tena leo, nitamjibu hivi: kama ajali ilikuwa kubwa na CT inafikika, usilipe mara mbili. Nenda moja kwa moja kwenye CT. Kama haifikiki, eksirei tatu zilizokamilika zina thamani, lakini eksirei safi kwa mtu anayeendelea kuumia katikati ya shingo si ruhusa ya kuvua kola, yaani kile kifungio cha shingo.

CT nayo ina mionzi mingi kuliko eksirei, na tezi iliyo mbele ya koo haiipendi, hasa kwa watoto. Kwa mtoto daktari mwangalifu huanza na eksirei na macho yake. Tena watoto wana jambo lao: mifupa yao inanyumbuka, ugwemgongo haunyumbuki kiasi hicho. Mwaka 1982 madaktari wa Marekani, Pang na Wilberger, waliandika juu ya watoto walioumia ugwemgongo huku eksirei haionyeshi chochote. Mtoto anayesema miguu "ilikuwa na umeme" baada ya kuanguka asikilizwe, hata kama umeme umekwisha.

Sasa bibi mmoja wa miaka sabini na kitu. Alijikwaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, akaanguka kifudifudi, paji la uso likagonga sakafu. Alinyanyuliwa, akatembea mwenyewe hadi kwenye bajaji. Lakini alipopewa maji, kikombe kilimponyoka. Akapewa tena, kikamponyoka tena, safari hii kwa mkono mwingine. Hospitali ya kwanza waliandika kiharusi, wakampa dawa za presha na kumrudisha nyumbani.

Kiharusi kwa kawaida huchukua upande mmoja. Huyu alikuwa na mikono miwili dhaifu na miguu karibu mizima. Daktari wa Marekani, Richard Schneider, alieleza hali hii mwaka 1954: kwa mzee, mfereji wa ugwemgongo umekwisha kubanwa na mifupa iliyochakaa, na shingo ikirushwa nyuma ghafla ugwe hufinywa katikati yake, mahali zinapopita nyuzi za mikono. Hakuna kinachovunjika. Eksirei ya bibi ilionyesha uzee, CT ikaonyesha uzee kwa uwazi zaidi. MRI ndiyo iliyoonyesha doa jeupe ndani ya ugwe. Kwa mgonjwa wa namna hii, pesa iliyolipwa kwa eksirei ni kama imetupwa, na familia inahitaji kuambiwa mapema ili isiitumie yote hapo.

Kola laini, kola ngumu, au shingo tupu

Kola laini ya sponji inauzwa maduka ya dawa na watu wanaipenda kwa sababu inaonekana kama matibabu. Kazi yake ni kukumbusha tu. Aliyeivaa anaweza kugeuza shingo karibu anavyotaka. Kwa shingo legevu haina maana yoyote. Kanga ya mkwezi ilikuwa na faida ileile.

Kola ngumu ya plastiki, yenye kipande cha mbele cha kushika kidevu na cha nyuma cha kisogo, inazuia zaidi, ingawa nayo haifungi shingo kabisa. Ina kipimo chake. Unaweka vidole vyako begani mwa mgonjwa, unahesabu vidole vingapi vinafika kwenye mstari wa taya, halafu unalinganisha na alama kwenye kola. Ikiwa ndefu mno inarudisha kichwa nyuma na kufungua pale palipovunjika. Ikiwa fupi, kidevu kinazama ndani na mgonjwa anakuwa kama kasa. Katika vituo vingi kuna saizi moja tu, na kila mtu anavishwa hiyo. Kuliko kuvisha isiyomfaa, vifuko viwili vya mchanga kila upande wa kichwa, plasta kwenye paji la uso na mtu mmoja wa kukishika kichwa ni bora.

Kola ngumu ina gharama ambazo hazimo kwenye risiti. Siku mbili tatu zinatosha kuchubua kisogo na kidevu. Kwa aliyeumia kichwa pia, inaweza kuongeza mgandamizo ndani ya fuvu kwa kubana mishipa ya damu. Kwa hiyo haivaliwi "kwa usalama" bila mwisho; inavaliwa mpaka picha na uchunguzi viseme. Na kwa aliyechomwa kisu au kupigwa risasi shingoni, mwenye fahamu na viungo vinavyofanya kazi, usiihangaikie kola hata kidogo. Inaficha damu na kuchelewesha. Bana penye kuvuja, mkimbize.

Upande wa pili kuna shingo iliyopigwa mjeledi: umesimama kwenye foleni, gari la nyuma linakugonga, kichwa kinakwenda nyuma na kurudi. Kesho yake shingo imekaza kama ubao. Kamati ya Quebec ilizipanga shingo hizi mwaka 1995 kwa madaraja: maumivu tu, maumivu pamoja na kukaza, dalili za mishipa ya fahamu, na mvunjiko. Kwa madaraja mawili ya kwanza, ambayo ndiyo ya watu wengi, kola haimsaidii mtu. Jirani yangu alivaa ya sponji mwezi mzima, hata sokoni, akawa anageuka na mwili wote kama gari lisilo na kioo cha pembeni. Alipoivua shingo ilikuwa mbaya kuliko siku ya ajali. Anayepona haraka ni yule anayetumia dawa za maumivu, anaendelea na shughuli zake, na kuigeuza shingo kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, ikiuma kidogo lakini bila kulazimishwa.

Na mkandaji? Najua utauliza, hata kwetu tulikuwa na bibi wa mafuta ya nazi. Shingo ya daraja la kwanza au la pili, ikisha kuthibitishwa, ikipakwa mafuta na kukandwa misuli haina ubaya. Kabla ya kuthibitishwa, hapana. Na kuivuta, kuikunja, kuialisha mpaka ilie "ka!", hapana siku zote.

Kuvutwa, halo au kisu

Hapa tumefika kwa waliovunjika au kuchomoka kweli.

Kuvutwa ndiko kwa zamani kuliko zote zinazotumika bado. Koleo la chuma hushikizwa kwenye fuvu juu kidogo ya masikio, kamba hupita kwenye kapi, na uzito huning'inia kichwani mwa kitanda. Familia zikiona hushtuka, zikidhani ndugu yao ametobolewa ubongo. Pini zinaishia kwenye mfupa wa nje, na ngozi imekwisha kutiwa ganzi. Kwa pingili zilizopandana, kuvuta ni dawa hasa: unaanza na kilo chache, unaongeza kidogo, na kila ukiongeza unapima nguvu za mikono na miguu na kupiga eksirei ya ubavuni kabla ya kuongeza tena. Mgonjwa anakuwa macho, kwa sababu yeye ndiye kengele. Akisema mkono unakufa ganzi, uzito unapunguzwa papo hapo. Nimewahi kusimama pembeni pingili ziliporudi mahali pake. Hakukuwa na sauti. Mgonjwa alisema tu, "Ah."

Kuvutwa kwa kurudisha pingili na kuvutwa kwa kulazwa wiki sita ni vitu viwili tofauti, na ndugu wa mgonjwa aulize ni kipi anachoahidiwa. Cha pili kinakubalika pale upasuaji usipopatikana, lakini kinaleta vidonda vya kulalia, nimonia na damu kuganda miguuni. Kitanda kinaonekana rahisi mpaka uhesabu chakula cha ndugu anayemuuguza, nauli, na shamba lililolala.

Halo ni pete ya chuma inayofungwa kwenye fuvu kwa pini nne, ikaunganishwa na fulana ngumu kifuani. Perry na Nickel waliieleza mwaka 1959, na mwanzoni walikuwa wakiwasaidia wagonjwa wa polio ambao misuli ya shingo ilikuwa imelegea. Faida yake kubwa ni kwamba mtu anasimama, anatembea, anakwenda nyumbani. Kwa pete ya pingili ya kwanza iliyopasuka na kwa baadhi ya mivunjiko ya ya pili inashika vizuri kuliko kola. Shida ni pini kulegea na kutunga usaha, kwa hiyo inahitaji mtu wa kuzisafisha kila siku na kliniki iliyo karibu. Kwa wazee inazidisha matatizo ya kumeza na mapafu. Wengi wao hufanya vizuri zaidi na kola ngumu, hata kama mfupa hautaunga barabara.

Upasuaji unaweza kufanywa kwa mbele, kupitia mkato mdogo pembeni mwa koromeo, ambapo diski iliyoharibika hutolewa na pingili kufungwa kwa kipande cha mfupa na bamba. Au kwa nyuma, kwa skrubu na fito. Kwa mbele mara nyingi maumivu ya baadaye ni madogo, ila sauti inaweza kukwaruza na kumeza kukawa kugumu kwa siku au wiki kadhaa. Nyuma kunashika zaidi, lakini misuli hukatwa na kidonda huchukua muda. Daktari huchagua kulingana na upande ugwe unakobanwa, kwa hiyo usibishane naye kwa sababu shemeji yako alipasuliwa kwa mbele.

Lini kisu kishinde? Ugwemgongo ukiwa umebanwa na dalili zipo, mapema ni bora. Utafiti wa STASCIS wa mwaka 2012 ulifuatilia wagonjwa 313 wa shingo: waliopasuliwa ndani ya saa 24, asilimia 19.8 walipanda angalau daraja mbili za nguvu na hisia baada ya miezi sita. Waliochelewa, asilimia 8.8. Kwetu saa 24 mara nyingi huishia njiani, lakini kila saa inayookolewa ina maana.

Kwa mkwezi mjadala ulikuwa wa aina nyingine. Ugwe wake ulikuwa mzima, jino limevunjika kwenye shina, mahali ambapo damu ni kidogo na mfupa unaunga kwa shida. Kuna njia tatu: kola ngumu miezi mitatu, skrubu moja kutoka mbele kupita katikati ya jino, au kuzifunga pingili ya kwanza na ya pili pamoja kwa nyuma. Njia ya mwisho ndiyo yenye uhakika mkubwa wa kuunga, ila karibu nusu ya kugeuka kwa shingo kunatoka kwenye kiungo hicho, na kikifungwa nusu hiyo inapotea. Daktari bingwa alimuuliza kazi yake. Aliposema ni mkwezi, kalamu ikasimama. Mkwezi lazima atazame juu na pembeni. Kwa kuwa mfupa haukuwa umehama sana na hakuwa mzee, walianza na kola ngumu, eksirei kila baada ya wiki chache, na makubaliano kwamba ukihama kidogo tu, ni skrubu. Haukuhama. Minazi ameiacha, hata hivyo. Mkewe ndiye aliyekata shauri hilo.

Ya bei ndogo

Zipo sindano za steroidi za dozi kubwa ambazo bado ndugu huzililia, kwa sababu zilipata jina baada ya utafiti wa mwaka 1990. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu wa Marekani uliziondoa kwenye mapendekezo: faida haikuthibitika, madhara yapo. Usiuze mbuzi kwa ajili yake.

Uza mbuzi, ikibidi, kwa ajili ya vitu visivyo na sifa. Oksijeni. Dripu na uangalizi wa presha, kwa sababu aliyeumia ugwe presha yake hushuka na ugwe hukosa damu. Wanaojua huilinda presha ya wastani (iliyo kati ya namba ya juu na ya chini) isipungue 85 hadi 90 kwa wiki ya kwanza. Mpira wa mkojo. Na kugeuzwa kila baada ya saa mbili, watu wanne: mmoja kichwani ndiye anayehesabu na kutoa amri, watatu bega, nyonga na miguu, wote kwa pamoja kama kubingirisha gogo. Ndugu wanaweza kufundishwa jioni moja.

Kabla ya kuondoka na gari

Kwa Tanzania, rufaa za shingo huishia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando Mwanza kutegemea ulipo. Nairobi kuna hospitali ya taifa ya rufaa ya majeruhi wa uti wa mgongo. Kabla hamjawasha gari, mwenye simu apige na kuuliza: CT inafanya kazi leo? Daktari wa mgongo yupo? Kitanda kipo? Mara moja nilimsafirisha kijana kilomita nyingi kwenda kwenye mashine iliyokuwa imeharibika tangu Jumanne, na hakuna aliyetwambia kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Halafu chagueni mapema atakayekaa upande wa kichwa. Asiwe mama wa mgonjwa, asiwe anayelia. Awe mtu anayeweza kushika kichwa kwa viganja viwili, vidole nyuma ya masikio, na kutokiachia kwenye kila tuta mpaka mfike.